Kutu niliyoifuta kwa mikono yangu

Kosa langu kubwa la ufundi sikulifanya kwenye saa. Nililifanya Bombo, barazani kwa babu, mwaka 1994, nikiwa na brashi ya waya, kopo la dawa ya kung'arishia shaba, na kiburi cha kijana aliyejifunza kazi ya saa miezi minane tu. Nilipomaliza, msuka wa upanga wake wa Kijapani uling'aa kama sufuria ya bi harusi. Babu akaugeuzageuza juani, akasema, "Wallahi, mikono unayo." Akanipa shilingi elfu mbili.

Msuka, kwa asiyewahi kung'oa jembe mpini, ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wajapani huuita nakago. Fundi anayefua upanga hausugui ukang'aa. Huupiga tupa, kila kundi la mafundi na mwelekeo wake wa mistari, akipenda huchonga jina lake, kisha huuachia kutu ije kwa wakati wake. Msuka wa miaka mia nne huwa mweusi tii, laini, karibu kama ngozi iliyopakwa mafuta. Wa juzijuzi, wa wakati wa vita vya babu, huwa bado wa kijivu au una wekundu wa udongo. Mkadiriaji huifungua pini ya mwanzi inayopita kwenye tundu la msuka kushika mpini, huvua mpini, na husoma hapo umri. Ule umri nikaumaliza mimi kwa dakika arobaini, na zawadi nikachukua.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles ya Waingereza, batalioni ya nne, watu wa Uganda, chini ya divisheni ya kumi na moja iliyobeba alama ya kifaru. Walishuka bonde la Kabaw kule Bama, yaani Burma, mwaka 1944, mvua ikinyesha na malaria ikiwaangusha, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Arusini ukoo wetu husimulia kwamba babu alimnyang'anya ofisa wa Kijapani upanga huu mkono kwa mkono. Mimi aliniambia mwenyewe, usiku mmoja umeme umekatika, kwamba aliupata India kambini. Alibadilishana na askari mwenzake kwa sigara na jozi ya buti. Buti zenyewe zilikuwa zimembana.

Kwenye mpini, karibu na kishada, palikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi ya wino. Kitambaa cha namna ile huweza kuwa na jina la mwenye upanga, pengine na kikosi chake. Bibi alipokiona akajua mara moja kuwa ni hirizi ya Kijapani, tena ya kuua. Akakitupa jikoni chini ya sufuria ya maharagwe. Kwa hiyo nyumba yetu ilichoma jina la mwenyewe, kisha mjukuu akafuta umri. Na wote wawili tulikuwa tunautunza.

Babu alipofariki upanga ukaja kwangu, maana wengine waliogopa kulala nao. Kibanda changu cha saa kiko ndani ya arkedi moja mjini Kampala, na tangu simu zianze kuonyesha saa nina muda mwingi wa kukaa na kioo changu jichoni. Hapo ndipo nilipoanza kuusoma upya, kwa yale yaliyobaki.

Kishada kina rangi ya kahawia na buluu. Hiyo ilikuwa ya maofisa wadogo, luteni hadi kapteni. Wakubwa wao walikuwa na kahawia na nyekundu. Kinga ya mkono, yaani tsuba, ni ya shaba yenye maua ya mcheri, ya jeshi, ya kiwandani. Hapo ningeweza kusimama: upanga wa vita wa mtindo wa 1938, basi. Lakini msuka una matundu mawili, na moja tu ndilo linalokutana na tundu la mpini. La pili halina kazi. Upanga uliofuliwa kwa ajili ya mpini huu ungetoboliwa mara moja. Maofisa wengi walichukua panga za zamani za nyumbani wakazivisha mavazi ya jeshi, na tundu lisilo na kazi ni dalili ya kwamba chuma hiki kiliwahi kuvaa mpini mwingine. Huenda kilifupishwa pia. Panga za kale zilikatwa upande wa msuka, na jina la fundi likaenda na kipande kilichokatwa. Huu wangu hauna jina, na una sentimita 64 kutoka ncha hadi kwenye kishimo cha mgongoni.

Muhuri wa kiwanda hauna. Muhuri hupigwa kwa nyundo ukazama, brashi ya waya haiwezi kuuondoa, kwa hiyo hilo angalau sikulifuta mimi. Mistari ya tupa ndiyo niliyoiharibu. Imebaki kama alama za kucha kwenye sabuni.

Bapa nalitazama usiku. Nafunga pazia, nawasha balbu moja, naulenga upanga kwenye taa kama anayelenga bunduki, jicho karibu na mpini. Chini ya madoa ya kutu kuna mikunjo kama ya ubao uliorandwa, na kandokando ya makali unapita ukungu mweupe, unapanda na kushuka. Ukungu huo ndio hamoni. Fundi alipaka udongo mwembamba kwenye makali na mzito mgongoni, akaupasha moto, akauzamisha majini. Makali yakapoa ghafla yakawa magumu, mgongo ukapoa taratibu ukabaki mlaini. Kwa kioo naona ndani ya ukungu vitone kama umande. Panga nyingi za vita zilizimwa kwenye mafuta, na huo umande huwa haba. Naamini wangu ni mkongwe. Mkongwe kiasi gani, jibu lilikuwa kwenye ile kutu.

Kuna shirika Tokyo, NBTHK, lililoundwa 1948, ambalo hutoa vyeti vya panga na mapambo yake. Lakini hawakadirii picha; upanga lazima uwe mezani. Na msafishaji wa kweli, anayetumia mawe kuanzia yenye kukwaruza hadi mororo kama unga, bei yake ingeimeza thamani ya upanga na kibanda changu.

Watu wakisikia, huleta vyao. Kijana mmoja aliniletea tsuba ya chuma aliyoinunua mtandaoni akiambiwa ina miaka mia tatu. Nikaingiza kioo kwenye tundu la katikati. Ukutani mwa tundu palikuwa na mshono wa kalibu na vishimo vya mapovu: chuma kilichomiminwa. Ile ya kale, ya chuma cha kufuliwa, ukuta wake huwa na alama za tupa na za kusuguliwa na panga ilizobeba, na mara nyingi vijipande vya shaba vilivyogongelewa ili ikae sawa kwenye upanga. Kijana alinuna. Nikamwonea huruma, nikamwambia juu ya mafundi wa mapambo hayo, waliochanganya shaba na dhahabu kidogo ikawa nyeusi yenye ubuluu, hadi serikali yao ilipopiga marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876. Wengi wakahamia kwenye vyombo vya maua na vitu vya kuwauzia wageni. Hadithi hiyo huielewa vizuri fundi saa.

Mwezi uliopita kuna mzee alinipa ahadi ya milioni moja na nusu kwa upanga wa babu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu ada za shule kichwani. Kisha akasema kwanza angeupitisha kwenye jiwe la umeme ung'ae wote, maana anautaka ukutani hotelini. Nikaurudisha alani. Nikamwuzia saa ya ukutani.

Ninachoweza sasa ni kuuzuia usizidi kuoza. Msuka siugusi; umeanza tena kupata rangi, kama chai iliyokolea, na hiyo nauachia. Bapa nalifuta kwa kitambaa cha pamba, kisha mafuta mepesi, utando tu. Wajapani hupaka mafuta waitayo choji, na choji maana yake ni karafuu. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Nikatia tone moja la mafuta ya karafuu za Pemba kwenye chupa yangu ya mafuta ya cherehani, na tangu hapo kila ninapoufungua, nyumba nzima hunukia.

Jumapili iliyopita shangazi Hajati aliingia bila kubisha, akasimama mlangoni, akavuta pumzi.

"Jino la nani linauma humu?"