Mjomba na sifuri zake

Nilikuwa likizo Mikindani kwa mjomba, yeye zamani alikuwa mwendesha redio melini, kazi ya kupiga na kusikiliza Morse, ile namna ya kutuma herufi kwa sauti fupi (nukta) na ndefu (dashi), usiku kucha, mpaka Februari 1999 meli duniani zikahamia rasmi mfumo mpya wa satelaiti na redio za kidijitali. Mimi nilikuwa ndo naanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Jioni tupo barazani akachukua stakabadhi ya korosho akaigeuza nyuma, akaandika taratibu huku anagonga benchi kwa kidole:

11101110001000101110101000101

"Haya mpwa, kompyuta yako isome hiyo."

Moja ni sauti ipo, sifuri ni kimya. Nukta inachukua kipimo kimoja, dashi vitatu, katikati ya herufi unanyamaza kimoja, kati ya herufi na herufi vitatu, kati ya neno na neno saba. Yani mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye moja, yeye ananiambia angalia sifuri mpwa, sifuri ndo zinakwambia herufi imeishia wapi, mtu asiyejua kunyamaza hata apige haraka vipi hasomeki. Hilo neno nalipenda mpaka leo.

Nikaandika skripti, yani programu ndogo, ya kuisoma. Yenyewe fupi tu, haifiki hata nusu ya skrini ukitoa ile kamusi ya herufi na alama zake za Morse. Unakata mstari kwa sifuri saba kwanza upate maneno, afu kwa tatu upate herufi, afu kwa moja, kinachobaki kikiwa 1 ni nukta kikiwa 111 ni dashi. Lazima uanze na saba, ukianza na tatu zile saba zinavunjika vipande na maneno yanagandana. Basi 1110111 ikawa dashi mbili, M, ile 1 peke yake E, 101110101 L, 101 I. MELI. Mjomba akapiga kofi!

Afu akauliza, na mpigaji akiwa na mkono mzito, yani kila sauti na kila kimya anakivuta, je? Swali zuri sana hilo. Nikaongeza mistari kidogo, unatupa sifuri za mwanzo na mwisho, unatafuta mfululizo mfupi kuliko yote, wa moja au wa sifuri, huo ndo kipimo, mingine yote unaigawa kwa huo. Akaandika tena MELI kila tarakimu mara tatu, nikairan, ikatoka vilevile, nikamwambia mjomba leta nyingine.