Kununua nyumba ya mawe Lamu: matengenezo yapi aachiwe muuzaji, na yapi yapunguzwe kwenye bei

Anayenunua nyumba ya mawe katika mji wa kale wa Lamu hujadiliana na muuzaji mara mbili. Mara ya kwanza ni juu ya bei, na hapo kila mtu huwa macho, kwa kuwa dalali yupo, jamaa wapo, na hata majirani wana maoni yao. Mara ya pili ni pale fundi anapokuwa amekwisha kuikagua nyumba na kutaja kasoro zake, ilhali mauziano bado hayajakamilishwa. Nataka kuyaeleza majadiliano haya ya pili, kwa sababu mimi na mume wangu tumeyapitia hivi karibuni mtaani Mkomani, na kwa sababu naona watu wengi huyaendesha kana kwamba lililopo ni kumtaka muuzaji atengeneze, na akikataa, basi. Msimamo wangu ni kwamba muuzaji aachiwe yale tu ambayo yeye peke yake ndiye awezaye kuyamaliza. Mengine yote yapunguzwe kwenye bei, na mnunuzi ayatengeneze mwenyewe, kwa fundi wake na kwa wakati unaofaa.

Nyumba yenyewe ina ghorofa moja juu ya ile ya chini, daka lake la mbele (kibaraza cha mlangoni), tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), kiwanda (ua wa ndani) na misana miwili (vyumba virefu vyembamba), na ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima aliyeirithi kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya mji huu ambako nyumba nyingi hupita mikononi mwa wanawake. Kabla ya kutia saini chochote tulimwita fundi aliyezoea nyumba za mawe. Nasisitiza hilo, kwani fundi hodari wa nyumba za matofali ya saruji anaweza kuzunguka nyumba ya aina hii asubuhi nzima asione linalomhusu mnunuzi.

Huyu alianzia kwenye boriti. Alipanda ngazi katika msana wa ndani, akakwangua chokaa pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani, kisha akachomeka bisibisi. Katika boriti za mwanzo ncha ilikwama palepale. Alipofika zile za upande wa chooni, bisibisi iliingia mpaka mpini, na unga wa rangi ya kahawa ukamwagika juu ya kiganja chake. Kwa kutazama kutoka chini, boriti zile zilikuwa nyeusi, nyoofu na nzima kabisa. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukiwa na maji, boriti huanza kuoza katika sehemu iliyofichika ndani ya ukuta, na mchwa hufuata njia hiyohiyo. Ikumbukwe kwamba sakafu ya juu ni mawe na chokaa iliyoshindiliwa, mzigo mzito sana, na wote umeegemea vichwa vya miti hiyo ya mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti.

Kasoro ya pili ilikuwa katika ukuta wa chini unaotazama kiwanda. Ulikuwa umepigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi nyeupe safi, na mtu asiyejua angedhani ndio ukuta bora katika nyumba nzima. Fundi aliugonga kwa vifundo vya vidole ukalia kama mtungi mtupu, maana plasta ilikuwa imekwisha kuachana na mawe yaliyo nyuma yake. Matumbawe hufyonza maji kutoka ardhini pamoja na chumvi. Plasta ya chokaa inapitisha unyevu, kwa hiyo maji hutoka taratibu na ukuta hukauka. Saruji huyafungia maji ndani, nayo hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na hatimaye unyevu hufika kwenye vichwa vya boriti. Katika nyumba hii kasoro ya kwanza na ya pili zilikuwa ugonjwa mmoja.

Makuti ya paa yalikuwa yamechoka, na milango miwili ilikuwa imelika chini. Hayo hatukuyatia katika madai, kwani tuliyaona kwa macho yetu siku tuliyokubaliana bei, na makuti ni ya kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa hata hivyo.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nyumba ina wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya kichochoro na kuegemea ukuta wa nyumba ya pili. Kwenye ukuta huo wa jirani, chini kidogo ya vichwa vya boriti za wikio, palikuwa na ufa uliopanuka kadiri ulivyopanda. Hati ya umiliki haikusema neno juu ya wikio. Nani mwenye haki ya kulitumia, nani mwenye wajibu wa kulitengeneza, na je, jirani akisema boriti zako zinabomoa ukuta wangu, nani atalipa?

Tulipompelekea mama habari hizi, alitujibu kwa upole kabisa: «Wanangu, msitaabike. Nitamleta fundi, na baada ya wiki mbili mtaikuta imekuwa mpya.» Wanunuzi wengi wangeshukuru na kuondoka. Sisi tuliomba asifanye hivyo, na sababu yetu haikuwa kutomwamini.

Muuzaji anayetengeneza ili auze, hata akiwa mtu mwema, ana haraka na ana haki ya kutaka gharama ndogo. Chokaa haikubali haraka. Hupigwa safu baada ya safu, kila safu ikisubiri iliyotangulia ishike, na hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kaskazi, kabla ya masika ya Aprili hadi Juni. Fundi akiambiwa amalize ndani ya wiki mbili, atachukua saruji, na mnunuzi atakabidhiwa ukuta mzuri wa macho uliofungia maji mapya. Tena fundi huyo ameajiriwa na muuzaji, hivyo plasta ikidondoka mwaka ujao hana deni kwako. Zaidi ya hayo, mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na matengenezo makubwa ndani yake yanahitaji idhini. Kazi ikifanywa kwa pupa bila idhini, maswali ataulizwa atakayekutwa ndani ya nyumba, naye ni mnunuzi.

Kwa hiyo tulimwomba fundi atuandikie makadirio, akitenganisha vifaa na ujira, boriti na ukuta. Ukuta, kuanzia kubandua saruji yote hadi kupiga chokaa upya, ulifika shilingi 270,000. Boriti, pamoja na kuegemeza sakafu wakati wa kuzibadilisha, zilifika shilingi 340,000. Karatasi ya namna hii ina nguvu kuliko maneno mengi, kwa sababu muuzaji anaweza kuipeleka kwa fundi wake mwenyewe ailinganishe, naye mama alifanya hivyo.

Tulikwenda kwake baada ya alasiri, tukifuatana na mjomba wangu, kama inavyopasa unapomwendea mtu mzima kwa jambo la fedha. Hatukumtuma dalali. Dalali hupata haki yake mauziano yakikamilika, na mtu wa namna hiyo, hata akiwa mwaminifu, hupunguza makali ya habari mbaya anapoipeleka huku na huko. Mwana mkubwa wa yule mama ndiye aliyekuwa na hoja kali. «Bei mlikwisha kuikubali,» alisema, «na nyumba mliingia mkaiona.» Mjomba alimjibu kwamba tuliona rangi, hatukuona kilichokuwa nyuma yake, na akamkumbusha jambo ambalo wote waliokuwa barazani walilijua: katika sheria ya Kiislamu muuzaji anapaswa kuieleza kasoro anayoijua, na mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya mauzo na hakuelezwa, ana hiari ya kuyavunja mauziano.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: «La boriti sikuwa na habari nalo, mwanangu. La ukuta nalijua, na dalali alinambia nisilitaje.»

Tangu hapo mazungumzo yalikwenda kwa njia nyingine. Alilokuwa akilijua mama alilibeba lote, nayo ni gharama ya ukuta. Lisilojulikana na yeyote tuligawana nusu kwa nusu, kwa hiyo upande wa boriti alipunguza shilingi 170,000. Jumla bei ilishuka kwa shilingi 440,000. Nadhani mgawanyo huu ni wa haki, na ningeupendekeza hata mahali ambapo muuzaji si mkweli kama yule, kwa sababu unampa njia ya kusema kweli bila kufilisika.

Kuhusu wikio tulishika njia iliyo kinyume. Hapa hatukutaka hata senti moja. Fedha haziwezi kumnunulia mgeni wa mtaa maelewano na jirani ambaye hajawahi kunywa kahawa naye. Yule mama na jirani yake wamekua pamoja, mama zao walikuwa mashoga, na kama kuna mtu angeweza kukaa na familia ile wakaandikiana, ni yeye. Tulimwomba amalize jambo hilo kabla ya ukamilishaji, na tukakubali kwamba lisipomalizika, mauziano yasimame na arubuni yetu irudi. Ilichukua muda, na kulikuwa na kikao ambacho kilivunjika, lakini mwishowe familia mbili zilitia saini mbele ya mashahidi karatasi inayosema wikio ni la nyumba tunayonunua, boriti zake zina haki ya kuegemea ukuta wa jirani, na mwenye wikio ndiye atakayeziba ufa ule na kutunza sehemu ile ya ukuta.

Yote haya yasingekuwa na maana kama yangebaki barazani. Nchini Kenya, kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba kinataka mkataba wa kuuza ardhi au nyumba uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika wote, na kila saini ishuhudiwe. Mikataba mingi huwa na sentensi isemayo kwamba mnunuzi ameikagua nyumba na anaichukua kama ilivyo. Sentensi hiyo ikibaki peke yake, ahadi zote za mdomo huwa zimekwisha. Wakili wetu hakuifuta, bali aliongeza kwamba upunguzo wa bei umekubaliwa kwa sababu ya ukuta na boriti, na kwamba hati ya wikio ni sharti la ukamilishaji. Mnunuzi asome sehemu hiyo mwenyewe, pamoja na zile za kawaida: arubuni ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei, na muda wa kukamilisha ambao mara nyingi ni siku 90. Ikiwa kuna jambo la kusubiriwa kwa jirani, siku 90 zinaweza kuwa chache, na ni rahisi kuomba zaidi kabla ya kutia saini kuliko baada yake. Asitarajie pia kwamba bei ikishuka, ushuru wa stempu, ambao mijini ni asilimia 4, utashuka kwa kadiri ileile, kwa sababu serikali hutazama thamani iliyokadiriwa na mthamini wake.

Kuna hali moja ambayo njia yetu haifai vizuri, nayo ni ya anayenunua kwa mkopo wa benki. Kwake upunguzo wa bei hupunguza mkopo, lakini haumwachii fedha mkononi za kumlipa fundi, na huenda akaingia katika nyumba nafuu asiyoweza kuitengeneza. Huyo ni afadhali aombe bei ibaki ilivyo, na kiasi kilichokubaliwa cha matengenezo kizuiliwe na mawakili, kilipwe moja kwa moja kwa fundi aliyemchagua yeye, mradi benki yenyewe imeelezwa na kuridhia.

Sisi pia tulizuia kiasi kidogo cha bei kwa wakili, si kwa ajili ya boriti bali kwa ajili ya ufa wa jirani, kwa kuwa mama aliahidi kuwa ataugharimia mwenyewe japo hati inatutwika sisi kazi hiyo. Maneno tuliyoandika ni mafupi. Fedha zitakaa kwa wakili. Fundi wetu akithibitisha kwa maandishi kwamba ufa umezibwa kwa mawe na chokaa, si kwa saruji, na jirani akatia saini kwamba ameridhika, gharama italipwa humo na kitakachobaki kitapelekwa kwa mama ndani ya siku saba. Ikifika mwisho wa Machi kazi haijaanza, tutaisimamia wenyewe kwa fedha hizohizo na kumwonyesha stakabadhi zote.