Nilivyojifunza kuivua hotuba mapambo yake

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba kuitambua balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, ni kuijua orodha. Mwalimu aliyetufundisha hapa Arua, Uganda, alitushauri tukariri majina ya tamathali za semi, nasi tukayakariri kama sala: tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, tafsida, tanakuzi. Ushauri huo bado unaniudhi, kwa sababu wapo wanafunzi wanaopewa ushauri huohuo hadi leo.

Kazi yangu ya kwanza ya uchambuzi ilihusu hotuba ambayo Yoweri Museveni aliitoa kwa Kiingereza alipoapishwa mjini Kampala tarehe 29 Januari 1986, ile aliyosema ndani yake kwamba yaliyotokea hayakuwa kubadilishana zamu ya walinzi tu, bali ni mabadiliko ya msingi katika siasa za nchi. Nilipigia mistari kila pambo, nikaandika pembeni "sitiari" na "tanakuzi", nikajaza kurasa tano. Kazi ilirudi ikiwa na swali moja tu la wino mwekundu kando ya kila jina nililoliandika: "Ili iweje?"

Sikuwa na jibu hata moja. Sikuwa nimeona kwamba sentensi ile inaanza kwa kukanusha kitu ambacho hakuna aliyekitamka, lakini ambacho wasikilizaji walikuwa nacho moyoni, kwani tangu 1979 walikuwa wamewaona Lule, Binaisa, Obote na Okello wakipishana madarakani. Msemaji aliijibu shaka kabla haijaulizwa, na hiyo ndiyo kazi ya ule ukanushi. Jina la tamathali lisingenifikisha hapo hata ningelikariri mara mia.

Njia niliigundua nikisikiliza rekodi ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, alipowaambia Watanzania kwamba Amin, ambaye majeshi yake yalikuwa yamevamia Kagera, atapigwa. Kila mtu anayakumbuka yale mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Niliyaandika daftarini kama alivyoyasema: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Kisha chini yake nikaandika maana ileile bila pambo lolote: "Tuna uwezo, sababu na nia ya kumpiga." Nikazisoma zote mbili kwa sauti, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Yangu ilikuwa taarifa ya karani. Ya Mwalimu ilikuwa inapiga hatua, kwa sababu anakitanguliza kile kitu na kuacha "tunao" au "tunayo" vimalize, ili kila kipande kitue kwenye umoja wa "sisi". Na neno "kumpiga" linarudi kila mara kama nyundo juu ya msumari mmoja. Kisha nikaona jambo ambalo kwangu mimi, Mganda, lina uzito wake: ile "m" ya "kumpiga" inamlenga mtu mmoja, si watu wa nchi yake. Herufi moja inachagua adui. Nikaona pia kwamba kusema "sababu tunayo" si kuitaja sababu yenyewe, na kwamba msikilizaji ndiye anayeijaza kwa habari za Kagera alizokwisha kuzisikia.

Tangu siku hiyo sichambui maandishi bila kalamu tatu za rangi, ambazo gharama yake ni shilingi elfu chache tu. Ni mgawanyo wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: rangi moja kwa msemaji anapojijengea heshima, ya pili anapogusa hisia, ya tatu anapotoa hoja. Nawasihi mfanye hivyo hata kwenye tangazo la redio. Ukurasa wenye rangi mbili tu huonekana kwa mbali.

Kalamu hizo zilikuwa mfukoni mwangu siku bwana mmoja alipokuja kwenye kikundi chetu cha akiba kutushawishi tuweke fedha katika biashara yake. Alianza kwa kusema kwamba yeye ni mtoto wa hapahapa na amelala njaa kama sisi. Akauliza kama yupo mzazi asiyempenda mtoto wake. Akasema nafasi zimebaki tatu na mlango unafungwa kesho. Watu walikuwa wakiitikia kwa vichwa, na hata mimi nilihisi nikivutwa, kwani alizungumza vizuri sana. Niliyaandika maneno yake, nikayavua mapambo, na kilichobaki kilikuwa sentensi moja: "Nipeni fedha leo." Swali la mzazi halikutaka jibu, bali lilimfanya kila anayesita aonekane hampendi mwanawe. Rangi ya tatu haikugusa karatasi kabisa.

Nikanyosha mkono, nikasema, "Mzee, tunashukuru. Fedha zitarudi lini, na nani anazidhamini?" Akaanza upya habari za watoto. Nikarudia swali lilelile kwa maneno yaleyale, naye akarudi kwa watoto mara ya pili.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mbili zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Mama aliyeshika ufunguo wa tatu aliniangalia, akaufunga tena kwenye ncha ya kanga yake.