Mzigo Ulikamatwa, Mrufani Akaachiwa

Kila Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapomwachia huru mtu aliyekuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa kosa la kusafirisha heroini, swali lilelile huibuka mitandaoni: mzigo ulikamatwa, mkemia akathibitisha, sasa huyu ameachiwaje? Nimesoma hukumu kadhaa za aina hiyo, na kwa maoni yangu swali hilo, ingawa si la kipuuzi, haligusi kiini cha mzozo. Majaji watatu wanaoketi kusikiliza rufani ni nadra kubishania kama ule unga ni heroini. Wanachotaka kujua ni kama unga uliopokelewa mahakamani kuwa kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, ndio uleule uliotoka mikononi mwa mshtakiwa.

Tufuate bahasha moja tu. Askari anapekua chumba cha nyumba ya kulala wageni, anakuta pakiti, anajaza hati ya ukamataji mali, na mtuhumiwa anatia saini pamoja na shahidi huru. Pakiti hizo hutiwa ndani ya bahasha ya kaki, ambayo hufungwa kwa lakiri, huandikwa namba ya jalada na kukabidhiwa kwa mtunza vielelezo, naye huiingiza kwenye rejesta. Baadaye hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako hupewa namba ya maabara, hufunguliwa, hupimwa na kufungwa upya, kisha hurudi stoo kusubiri siku ya ushahidi. Sasa tuseme hati ilitaja pakiti tatu ilhali mkemia alipokea mbili, au askari aliyeibeba bahasha hakuitwa kutoa ushahidi na rejesta yenyewe haikuletwa. Hapo ndipo wakili wa mrufani, yaani aliyekata rufani, huanzia.

Uzito nao si jambo dogo. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, heroini kuanzia gramu 200 huleta kifungo cha maisha, na pungufu ya hapo miaka 30. Kwa hiyo mtu aliyekutwa na mzigo unaokaribia mpaka huo ana kila sababu ya kuuliza kama ulipimwa pamoja na nailoni zake.

Msingi wa hoja hizi ni uamuzi katika Rufani ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, ambayo wala haikuwa ya dawa za kulevya: kielelezo kiwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana kwa wakati, tangu kinapokamatwa, kutunzwa, kuhamishwa na kuchunguzwa hadi kinapofikishwa mahakamani. Hata hivyo, wanaodhani kwamba karatasi moja ikikosekana mlango wa gereza hufunguka wamekosea, kwa kuwa katika miaka iliyofuata Mahakama imelegeza msimamo na kukubali kwamba ushahidi wa mdomo wa mashahidi wanaoaminika, walioeleza nani alimkabidhi nani, unaweza kuziba pengo hilo. Binafsi naona ulegezaji huo una mantiki kwa kitu kama gari, ambacho si rahisi kubadilishwa na kingine. Kwa unga mweupe unaoenea kwenye kiganja, napata shaka.

Iko pia kanuni, iliyotiliwa mkazo tangu mwaka 2003, kwamba hati yoyote ikishapokelewa kuwa ushahidi lazima isomwe mbele ya mshtakiwa. Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu za shauri, hata kama ni ripoti ya mkemia.

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inapoona shauri linayumba, mara nyingine huomba lisikilizwe upya. Tangu mwaka 1966, iliposema hivyo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, msimamo ni kwamba ombi hilo halikubaliwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Familia zenye ndugu gerezani zizingatie muda: kusudio la kukata rufani kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hutolewa ndani ya siku 10, na kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani ndani ya siku 30. Mfungwa anaweza kuliwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza bila kuwa na wakili. Baada ya hapo iombwe nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, na katika mwenendo huo usomwe kwanza ushahidi wa mtunza vielelezo.