Land Rover 109 ya skeli 1:24: kumbukumbu ya mradi, kutoka chesisi hadi rangi

Hali ilivyo sasa: chesisi imesimama kwenye magurudumu yake, bodi ina praima (rangi ya msingi) na kijani cha kwanza, paa bado liko pembeni, kazi ya vumbi haijaguswa. Gari ni Land Rover Series III ndefu, ile 109, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hakuna boksi la vipande kutoka kiwandani. Karibu kila kipande kimekatwa kwa mkono kutoka kwenye plastiki inayopatikana Mbeya mjini. Kwa anayetaka kujaribu ujenzi wa namna hii, Land Rover ni rahisi kuliko gari dogo lolote, maana bodi yake ni mabamba bapa yenye mikunjo michache. Corolla ingekutesa kila kona.

Vipimo

Gawa kila kipimo cha gari halisi kwa 24. Inchi 109 kati ya ekseli na ekseli ni milimita 2769, kwenye modeli 115.4. Kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya la kulia ni 1308, inakuwa 54.5. Urefu wa gari 4445 unakuwa 185.2, na upana 1676 unakuwa 69.8. Tairi la 7.50-16 linatoka na kipenyo cha kama milimita 33 na upana wa 8. Vipimo vidogo vidogo (bawaba, vitasa, taa) chukua kwenye gari lenyewe kwa kalipa, kile kipimio chenye taya mbili. Gari hizi bado hazijaisha huku kwetu. Muombe fundi vizuri, atakuacha upime wakati yeye anaendelea na kazi yake.

Halafu pima unene, kwa sababu hapo ndipo modeli nyingi za mkono hujisaliti. Plastiki ya milimita 1 kwenye skeli hii ni bamba la milimita 24. Hakuna gari lenye mlango wa hivyo isipokuwa la kubebea fedha.

Plastiki

Nyama ya bodi ni kadi zilizokwisha kazi: za benki, na zile zinazobaki ukishabandua laini ya simu. Kadi ina urefu wa 85.6 mm, upana wa karibu 54 na unene wa 0.76. Ubavu wa gari ni mrefu kuliko kadi mbili, kwa hiyo lazima kuwe na viungo. Viweke kwenye mistari ya milango, pale ambapo gari halisi nalo lina mwanya, usije ukapoteza muda kuziba kiungo katikati ya bamba. Mwanya wa mlango wa milimita 5 ni 0.2 tu kwenye modeli. Ukiuchonga kwa msumeno unakuwa mtaro. Tumia mgongo wa kisu cha wembe, uvute taratibu mara kadhaa kwa kufuata rula ya chuma.

Kwa sakafu na nguzo za ndani, waombe watengeneza mabango mabaki ya ubao wa PVC wa milimita 3. Ukiukata, ukingo wake unaonyesha vitundu vya povu. Upake supaglu nyembamba, uache ikauke, piga msasa namba 400 kisha 800. Usiporuka hatua hiyo rangi haitazama kwenye vitundu.

Vikopo vya mtindi vinasaidia pale panapohitajika plastiki nyembamba, ila angalia namba kwenye pembetatu chini ya kikopo. Namba 6 inashika gundi vizuri. Namba 2 na 5 achana nazo: supaglu inabanduka kama ganda, na rangi inafuata.

Kingo zote zinazoonekana, hasa matao ya madigadi na fremu za madirisha, zichongwe kwa ndani kwa mshazari mpaka ukingo ubaki kama 0.2 mm. Jicho linaangalia ukingo na kudhani bamba zima ni jembamba vile. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayotenganisha modeli na toy.

Chesisi

Ilijengwa juu ya kipande cha kioo chenye karatasi ya miraba chini yake. Kioo hakina mgongo, na supaglu inayomwagika inakwanguliwa kwa wembe. Reli mbili ni masanduku ya vipande vinne vya kadi kila moja. Usitumie kipande kimoja kinene, kitapinda kikipata joto. Springi ni mabamba yaliyopangana kama ya lori: upana wa inchi 2.5, yaani 2.6 mm kwenye modeli, yamekatwa kwenye plastiki nyembamba na kuzungushwa kwenye bomba ndani ya maji ya moto ili yashike mkunjo. Ekseli ni spoku ya baiskeli, milimita 2.

Difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, wengi huikosea. Kwenye gari hili haikai katikati. Imesogea kulia, mbele na nyuma. Ukiiweka katikati, propela shafti zote mbili (fimbo zinazopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli) zinakaa kombo, na fundi yeyote akiinama kuangalia chini anacheka.

Kabla ya kugandisha ekseli, pitisha kipande cha karatasi chini ya kila tairi. Linaloruhusu karatasi ipite bila kukwama linaning'inia. Rekebisha springi ya kona hiyo.

Tairi zenyewe zimetoka kwenye magari ya watoto ya sokoni Mwanjelwa. Nenda na kalipa mfukoni. Tairi laini za vinili zina tabia moja mbaya: mafuta yanayozilainisha hutoka polepole na kuyeyusha plastiki inayogusana nazo, hasa ile ya namba 6. Baada ya miezi unakuta rimu imelainika na kugandana na tairi. Zungushia rimu karatasi ya aluminiamu kwanza.

Paa na ribiti

Paa ni la tabaka mbili, lile la nchi za joto, hewa ikipita katikati. Tabaka la juu ni kopo la soda: bati lake lina unene wa kama 0.1 mm, sawa na milimita 2.4 za kweli, na kadi haiwezi kukufikisha hapo. Ondoa maandishi na ile rangi angavu ya ndani kwa msasa 600, la sivyo praima itabanduka na solotepu. Kwa ribiti, laza bati juu ya mpira wa ndala, weka mstari wa penseli upande wa ndani, kisha bonyeza kwa ncha ya bikari iliyobutuliwa kidogo. Ncha kali inatoboa. Kila kichwa kitoke na upana wa kama 0.4 mm. Nafasi kati ya ribiti ipimwe, isikisiwe: mstari mmoja uliopinda unaonekana kabla ya kitu kingine chochote.

Rangi kwenye baridi ya Mbeya

Juni na Julai ndiyo miezi ya tabu. Kopo la spreyi likiwa la baridi, presha inashuka na rangi inatoka matone makubwa. Bodi inapata ngozi ya chungwa. Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 40 zisizidi, dakika chache, na kamwe lisikaribie moto. Puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, umbali wa sentimita 20 hadi 25, tabaka nyembamba tatu badala ya moja nzito, dakika kumi na tano kati yake.

Masika ina ugomvi wake. Thina ikikauka inapoza uso wa bodi, unyevu wa hewa unanaswa, na kijani kinatoka na weupe wa ukungu. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, subiri siku nyingine. Weupe ukishatokea, mpulizo mwepesi sana wa thina peke yake mara nyingi huuondoa.

Rangi za gereji zina thina kali. Zikimwagwa nzito juu ya plastiki ya vikopo zinaipasua nyufa ndogo ndogo. Tabaka mbili za praima, za kuvumbisha tu, ndizo kinga. Na usipulize rangi ya gereji juu ya rangi ya mafuta. Ya chini inajikunja yote. Kinyume chake hakina shida.

Bodi ni kijani iliyokolea. Paa na rimu ni nyeupe inayoelekea maziwa, kama Land Rover nyingi zilivyotoka kiwandani.

Kinachofuata

Vioo: plastiki angavu ya kubaindia vitabu, kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supaglu unaacha ukungu kwenye kioo na hautoki.

Kuchakaza kunahitaji akili zaidi ya mkono. Mabamba ya bodi ni aluminiamu, hayashiki kutu nyekundu. Mkwaruzo uonyeshe rangi ya fedha. Kutu iende kwenye chesisi, springi, ekzosi, na ukuta wa chuma kati ya injini na kabini. Chini ya milango, pale aluminiamu inapokutana na fremu ya chuma, rangi ivimbe na kuacha unga mweupe. Modeli nyingi za Land Rover zina madigadi ya kutu, na hilo ni kosa la kutojua gari.

Vumbi litakuwa la barabarani, likaushwe na kuchekechwa kwa soksi ya nailoni, lishikishwe kwa spiriti yenye tone la vanishi isiyong'aa. Zito liwe kwenye matao na mlango wa nyuma, kwa kuwa gari lenye mgongo wima linavuta vumbi lake lenyewe likienda. Kioo cha mbele kibaki na nusu duara mbili safi za waipa.

Kisha paa linafungwa, na namba za gari, nyeusi juu ya njano, zinachapishwa kwenye karatasi ya picha.