Kamba yenye mafundo

Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu yeyote hajateka maji, ninashusha kamba ndani ya kisima chetu kilichoko nyuma ya nyumba, upande wa tambarare wa Moshi. Kamba hiyo ina fundo kila baada ya nusu mita, na mwishoni nimefunga kopo lenye kokoto chache. Likigusa maji husikika chubwi, nami huhesabu mafundo na kuyaandika daftarini. Mwanzoni mke wangu alinicheka, lakini siku hizi nikisafiri yeye ndiye anayepima.

Nilianza wakati wa ukame wa 2022. Mwezi wa Juni kamba ilitumia mafundo 16, yaani mita 8, na kufikia Oktoba yalikuwa 23. Kushuka huko nilikutarajia. Nisichokitarajia ni kwamba mvua ziliponyesha hatimaye, uani kukajaa tope, kisima kiliendelea kushuka kwa wiki tatu nzima kabla ya kutulia. Udongo mkavu hunywa kwanza, na sehemu kubwa ya maji yanayotufikia huku chini ilinyesha mbali, kwenye msitu wa mlimani, ikapenya taratibu katika nyufa za miamba ya volkano. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba tunakunywa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilhali mchango wa barafu ile ni mdogo sana ukilinganishwa na mvua na ukungu unaonaswa na miti. Anayekata msitu ule anagusa chemchemi za Nsere na Shiri zinazohudumia mji huu, na kisima changu pia.

Wazee wa mlimani waliogawana kwa zamu maji ya mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga, walikuwa na faida moja ambayo sisi hatuna: mfongo unaonekana. Aliyefungulia maji nje ya zamu yake alijulikana kabla ya jua kuzama. Maji ya chini ya ardhi hayana zamu, na pampu inapoyavuta kwa nguvu, usawa wake hubonyea kukizunguka kisima kwa umbo la faneli, hata visima vifupi vilivyo karibu vikabaki juu ya maji. Ndiyo maana sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inadai vibali, na huku kwetu msimamizi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Jirani yangu mmoja ana kisima kirefu na bustani ya mboga. Kisima chetu kilipoanza kutoa matope, fundi alinishauri nichimbe zaidi na kuongeza pete mbili za zege, ushauri ambao kila mwenye kisima mtaani angepewa, tukaishia kushindana kwenda chini. Badala yake nilipima asubuhi na jioni kwa siku sita, kisha nikampelekea jirani daftari. Siku alizomwagilia mchana, maji yetu yalishuka fundo moja zima hadi jioni. Mzee hakubisha, alihamishia umwagiliaji jioni, akafunika matuta kwa majani makavu ya migomba, na sasa pampu yake huunguruma kwa muda mfupi zaidi.

Kwangu nilifunga mifereji kwenye bati. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya karibu lita 800, na tanki linapojaa, ziada huenda kwenye shimo la kokoto nililolichimba mbali na choo, maji yakazama polepole. Sijui ni kiasi gani kinachorudi kisimani, na sitarajii kamba inionyeshe hivi karibuni. Jumapili iliyopita ilikuwa mafundo 17.