Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya "Yule wa Mitungi"

Saa moja kamili asubuhi hupokea zamu ya huduma za upumuaji, na kabla sijamwona mgonjwa yeyote huanza kukagua mitungi ya oksijeni na mashine za kupumulia, kwa kuwa mtungi uliokuwa umejaa jana jioni huenda leo umebaki na sauti tu. Ndugu wa wagonjwa huniita "yule wa mitungi". Mitungi naisukuma kweli, ila hakuna aliyewahi kuniita kwa jina la mapafu ninayoyahudumia.

Kuanzia saa mbili hadi saa nne nilizungukia wodi nikiwapa wagonjwa dawa ya mvuke, nikamfundisha pia binti mwenye pumu kubonyeza pampu huku akivuta hewa taratibu, kisha aizuie pumzi kwa sekunde 10.

Saa tano ndipo nilipofika kwa mzee mmoja mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Daktari alikuwa ameagiza oksijeni ya damu yake ibaki kati ya asilimia 88 na 92, nami asubuhi niliacha gololi ya kipimio cha mtiririko wa oksijeni kwenye lita 2 kwa dakika. Sasa ilikuwa kwenye 4.

"Dada, kipimio cha kidoleni kilikuwa kinasoma 89, nikamwongezea," alisema mwanawe, akingoja shukrani.

Nikamweleza kwamba oksijeni ni dawa na ina kipimo chake; kwamba katika mapafu kama ya baba yake, ikizidi, kabonidioksaidi hujilimbikiza kwenye damu, na mgonjwa husinzia kwa utulivu unaowadanganya ndugu kuwa amepata nafuu. Akaitikia kwa kichwa. Nilirudisha gololi kwenye 2, nikaitwa chumba cha wagonjwa mahututi kumnyonya makohozi mgonjwa aliye kwenye mashine, kazi ambayo kila mvuto hauzidi sekunde 15 kwa sababu wakati huo unamnyonya na hewa yake.

Niliporudi, gololi ilikuwa kwenye 6. Kipimio cha kidoleni kilisoma 98, mwana anatabasamu, na mzee hajibu mpaka nimtikise bega.

Sikugombana naye, nafasi ya kugombana haikuwepo. Nilipunguza oksijeni hatua kwa hatua bila kuiondoa ghafla, nikamwita daktari, nikabana mishipa miwili ya kifundo cha mkono kuhakikisha kiganja kitapata damu hata mmoja ukipata hitilafu, ndipo nikachoma ateri kuchukua damu ya kupima. Majibu yalionyesha kabonidioksaidi imepanda sana. Tukamvalisha barakoa inayobana uso na kusukuma hewa, nami nikakaa pembeni yake nikiishikilia kwa mkono, maana kila alipozinduka alitaka kuing'oa, na hewa ikivuja pembeni ya pua mashine hulia.

Muda uliopita siujui. Chakula cha mchana nilikikumbuka jua likielekea kuzama, wakati mzee alipofumbua macho na kuuliza kwa nini amefungwa uso kama mwizi. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

Saa moja usiku nilikabidhi zamu. Kwenye daftari niliandika majibu ya damu, mipangilio ya barakoa na kiwango kilichoagizwa, kisha nikarudi wodini kubandika plasta juu ya kitasa cha kipimio: "Usiguse. Niite."